Shungi, Undu, Kigongo na Chapeo: Mifupa ya Kichwani mwa Wanyama na Suala la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza muundo na kazi ya mifupa iliyochomoza juu ya vichwa vya wanyama mbalimbali, wakiwemo gorila, fisi, kanga, twiga na baadhi ya dinosaria. Yanaonyesha kwamba viungo vinavyofanana kwa mtazamo wa nje huweza kuwa vimeumbwa kwa tishu tofauti na kufanya kazi tofauti. Kwa msingi huo, yanatoa hoja kwamba neno shungi, ambalo huelekea kutumiwa kwa viungo vyote hivyo, halitoshi kueleza anatomia, na kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kuzitenga dhana hizi endapo yatatumiwa kwa mpangilio.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba maarifa ya sayansi si mpya. Umekuwapo tangu lugha hii ilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, nao ulipata uzito zaidi nchini Kenya pale Katiba ya 2010 ilipokitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, juu ya hadhi yake ya lugha ya taifa. Hata hivyo, mjadala huo mara nyingi huishia katika madai ya jumla. Upande mmoja hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Upande wa pili hujibu kwamba lugha yoyote huweza kueleza jambo lolote. Ni nadra kwa pande hizi kuchukua kiungo kimoja cha mwili wa mnyama na kukieleza kwa Kiswahili hatua kwa hatua, ili ionekane mahali ambapo lugha inamudu na mahali ambapo inakwama.

Makala haya yanafuata njia hiyo. Kiungo kilichoteuliwa ni mfupa unaosimama juu ya kichwa cha mnyama. Kimeteuliwa kwa sababu kinamtega mfasiri. Kiingereza hutumia neno moja, crest, kwa karibu kila kitu kinachosimama juu ya kichwa, kiwe cha manyoya, cha nyama au cha mfupa. Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na neno hilo, neno linalomjia kwanza ni shungi. Lakini shungi, kwa Mswahili, ni fundo la nywele au manyoya marefu yaliyosimama kichwani mwa ndege. Anayesoma kwamba gorila dume ana shungi utosini ataona nywele akilini mwake, ilhali kinachozungumziwa ni ukingo wa mfupa. Kosa hapa si la mtindo. Ni kosa la maarifa. Msomaji amepewa mnyama ambaye hayupo.

Swali linaloongoza makala haya, basi, ni hili: je, ni tishu gani, inafanya kazi gani, na Kiswahili kiiteje?

2.0 Ndege Watatu na Tishu Tatu

Mahali pazuri pa kuanzia ni kwa ndege watatu wanaojulikana Afrika Mashariki, yaani jogoo, kororo na kanga. Wote watatu wana kitu kilichosimama kichwani, na mtu akiwatazama kwa mbali anaweza kudhani ni kitu kimoja.

Kiungo cha jogoo ni nyama. Ni ngozi nene iliyojaa mishipa midogo ya damu, na ndiyo sababu ya wekundu wake. Jogoo akifa na mwili wake ukioza, kiungo hiki hupotea kabisa na fuvu hubaki laini juu. Kiswahili hukiita undu au upanga, na wako wasemaji wanaokiita kilemba.

Kororo, ambaye ni ndege wa msituni wa jamii ya kanga, ana manyoya meusi yaliyojikunja juu ya kichwa. Manyoya ni zao la ngozi, nayo hayaachi alama kubwa katika fuvu. Hili ndilo shungi hasa kwa maana yake ya asili.

Kanga, kwa upande wake, hana nyama wala manyoya utosini. Ana mfupa. Mfupa huo umechomoza kutoka katika fuvu na kufunikwa kwa tabaka gumu la keratini, dutu ileile inayounda kucha na kwato. Kifaranga wa kanga huzaliwa bila kiungo hiki. Hukua polepole kadiri ndege anavyokomaa. Fuvu la kanga likipatikana porini miaka mingi baada ya ndege kufa, mfupa huu bado utakuwapo.

Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba mgawanyo wa kwanza unaopaswa kufanywa ni wa tishu. Mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kwa kawaida hupata mifupa tu. Kama kuku na kanga wangekuwa wametoweka miaka milioni moja iliyopita, mtaalamu huyo angejua kwamba kanga alikuwa na kitu kichwani, lakini huenda asingejua lolote kuhusu undu wa jogoo.

3.0 Muundo wa Kigongo cha Fuvu

Katika mamalia, mfupa wa kichwani unaojulikana zaidi ni ule ukingo unaopita katikati ya utosi kutoka mbele kwenda nyuma. Makala haya yanauita kigongo cha utosi. Ili kuuelewa, ni muhimu kwanza kuelewa fuvu lenyewe.

Fuvu si kipande kimoja cha mfupa. Ni mifupa kadhaa iliyoungana kwa mishono. Mbele kuna mfupa wa paji. Nyuma yake kuna mifupa miwili ya utosi, mmoja kulia na mwingine kushoto, inayokutana katikati kwa mshono unaoelekea kisogoni. Kigongo husimama juu ya mstari huu, mfano wa mkuku wa mashua iliyopinduliwa.

Kigongo hicho hakijiotei chenyewe. Kinatokana na msuli. Kila upande wa kichwa kuna msuli mpana wa umbo la kipepeo cha mkono, ambao unaweza kuitwa msuli wa panja. Upande wake mpana umeshikamana na ubavu wa fuvu. Kutoka hapo nyuzi zake hukusanyika, hupita chini ya tao la mfupa wa shavu na kushika taya la chini. Msuli ukijikaza, taya huinuka na meno hukutana. Msomaji akiweka vidole panjani na kuyauma meno kwa nguvu, atahisi msuli huu ukivimba.

Katika binadamu, msuli huu ni mwembamba na fuvu ni kubwa. Nafasi ya kuushikia ni tele, hivyo mpaka wake wa juu huishia ubavuni mwa kichwa na haufiki utosini. Katika mnyama mwenye taya zito na ubongo mdogo, hali ni kinyume. Msuli ni mkubwa, fuvu ni dogo, na nafasi haitoshi. Kadiri mnyama anavyokua, msuli wa kulia na wa kushoto hupanda juu hadi ikakutana katikati ya utosi. Hapo mfupa huinuka kati ya misuli hiyo miwili na kuunda ukuta, na kila msuli ukapata eneo jipya la kushikia. Kwa maneno mengine, kigongo ni jibu la mwili kwa upungufu wa nafasi.

Maelezo haya yanabainisha kwa nini mtoto wa gorila ana utosi laini ilhali dume mzima ana kigongo kikubwa. Yanabainisha pia kwa nini majike, ambao misuli yao ni midogo, aghalabu hawana kigongo au wana kidogo tu. Hali kadhalika, mbwa wa jamii kubwa wenye taya zenye nguvu huwa na kigongo dhahiri, ilhali vijibwa vidogo vya kufugwa ndani ya nyumba, ambavyo fuvu lao ni la duara na ubongo wao ni mkubwa ukilinganishwa na taya, huwa na utosi laini.

Kuna pia kigongo cha pili ambacho hukaa nyuma, kikikatiza kutoka sikio hadi sikio. Hiki ni kigongo cha kisogo, na kazi yake ni kushikia misuli ya shingo. Katika gorila dume vigongo hivi viwili hukutana nyuma ya kichwa.

4.0 Gorila na Fisi: Kigongo Kazini

Gorila wa milimani wanaishi katika safu ya Virunga, mahali ambapo Kongo, Rwanda na Uganda hukutana, na katika msitu wa Bwindi nchini Uganda. Chakula chao ni majani, mashina na magome, vitu ambavyo havina lishe nyingi na vinahitaji kutafunwa kwa saa nyingi kila siku. Kigongo cha dume kinaeleweka katika muktadha huo. Lakini hakiishii hapo. Juu ya mfupa wa dume mzima kuna pia tabaka la tishu nene linaloongeza kimo cha kichwa na kukipa umbo la pia. Utafiti uliofanywa kwa gorila wa nyanda za magharibi umeonyesha kwamba madume wenye utosi uliochomoza zaidi huelekea kuwa na majike wengi zaidi. Kiungo kilichoanza kama mahali pa kushikia msuli kimekuwa pia ishara ya ukomavu na nguvu.

Fisi madoa naye ni mfano wa karibu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi humjua fisi kama mlafi asiyebakiza hata mfupa. Ngano hazikosei sana katika hili. Fisi madoa huvunja mifupa mikubwa na kula kilichomo, na fuvu lake limejengwa kwa kazi hiyo. Kigongo chake cha utosi ni kirefu kwenda juu, na kinashikia misuli mikubwa ya panja. Cha kustaajabisha ni kwamba ndani ya mfupa huo mna uvungu. Vyumba vya hewa vilivyoanzia katika mfupa wa paji vimerefuka kwenda nyuma hadi juu ya ubongo, na paji lililoinuka husaidia kusambaza mkazo unaotokea meno yanapovunja mfupa.

Uvungu huu unajibu swali la gharama. Kila mfupa una uzito wake, na kichwa kizito ni mzigo kwa shingo. Waswahili husema kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Kianatomia, methali hii ina ukweli: kiungo kilichokua pamoja na mwili hubebwa na misuli iliyokua pamoja nacho, na mara nyingi hupunguziwa uzito kwa uvungu.

5.0 Zinjanthropus: Jina Linapoongoza Usomaji wa Mfupa

Mnamo Julai 17, 1959, Mary Leakey aligundua fuvu katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania. Fuvu hilo, ambalo umri wake ni takriban miaka milioni 1.75, lilikuwa na magego makubwa mno, uso mpana na kigongo dhahiri cha utosi. Ujazo wa ubongo wake ulikuwa kati ya sentimita za ujazo 500 na 530, kiasi kinachokaribiana na cha gorila na kilicho chini ya nusu ya kile cha binadamu wa leo. Louis Leakey alimpa kiumbe huyo jina Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja: Zinj ni jina la kale ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki na watu wake, na ndilo linalopatikana katika jina Zanzibar. Sehemu ya pili inamtaja Charles Boise, aliyefadhili utafiti. Baadaye wataalamu wengi walimhamishia katika jenasi ya Paranthropus.

Ardhi ya Kenya nayo ilitoa ushahidi zaidi. Mwaka 1969 fuvu lenye kigongo cha namna hiyo lilipatikana Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka uliofuata, katika eneo hilohilo, lilipatikana fuvu lingine dogo zaidi lisilo na kigongo, ambalo linachukuliwa kuwa la jike. Kisha mwaka 1985, magharibi mwa ziwa hilo, Alan Walker aligundua fuvu jeusi lenye umri wa takriban miaka milioni 2.5 na kigongo kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Mafuvu haya yanaonyesha kanuni ileile iliyoelezwa kuhusu gorila: ubongo mdogo, taya kubwa, na tofauti kati ya dume na jike.

Hata hivyo, funzo kuu la Zinj linahusu lugha. Mara tu baada ya kugunduliwa, alipewa jina la utani la Mvunja Kokwa. Jina hilo lilienea katika vitabu na magazeti, na kwa miaka mingi wasomaji waliamini kwamba misuli ile mikubwa ilikuwa ya kupasulia mbegu na kokwa ngumu. Uchunguzi wa alama ndogondogo kwenye meno, uliochapishwa mwaka 2008, haukuonyesha dalili ya kula vitu vigumu. Kisha mwaka 2011 uchunguzi wa kemia ya meno ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya chakula cha viumbe hao ilitokana na mimea ya kundi la nyasi na ndago. Badala ya kupasua kokwa, huenda walitafuna chakula hicho kwa muda mrefu.

Kigongo chenyewe hakikuwa kimesema uongo. Kilisema kwamba msuli ulikuwa mkubwa. Kilichozidisha chumvi ni jina. Hapa ndipo uzito wa istilahi unapoonekana: jina linalotaja umbo na tishu hudumu hata nadharia zikibadilika, lakini jina linalotaja kazi ambayo haijathibitishwa huweza kuwapotosha wasomaji kwa nusu karne.

6.0 Chapeo na Vipembe

Si kila mfupa wa kichwani unaoshikia msuli. Kundi la pili ni la mifupa iliyofunikwa kwa keratini au ngozi, ambayo inaonekana kwa nje. Kwa kundi hili makala yanapendekeza neno chapeo. Neno hili lina asili ya Kireno na limezoeleka kwa maana ya kofia ngumu ya vitani. Kinachovikwa juu na kuwa kigumu ndicho chapeo, na kiungo cha kanga kinaingia hapo bila taabu.

Hondohondo wa misitu ya Afrika Mashariki wana chapeo juu ya mdomo. Kwa macho inaonekana nzito, lakini sehemu kubwa yake ni ganda la keratini lenye nafasi za hewa na mfupa mwembamba ndani. Ndugu yao wa Asia ya Kusini Mashariki, anayeitwa kitaalamu Rhinoplax vigil, ana chapeo tofauti: sehemu yake ya mbele ni keratini iliyojaa, isiyo na uvungu. Madume hugonganisha chapeo hizo wakiwa angani. Ujazo huo umewaponza, kwani wachongaji wa vinyago huitafuta chapeo hiyo kama wanavyotafuta pembe za ndovu, na tangu mwaka 2015 ndege huyo amewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Tofauti ya tishu imekuwa tofauti ya uhai na kifo.

Kasuari, ndege mkubwa asiyeruka wa New Guinea na kaskazini mwa Australia, anaongeza kazi nyingine. Utafiti wa mwaka 2019 uliotumia kamera za kupima joto ulionyesha kwamba chapeo yake hutoa joto jingi wakati wa jua kali na kulizuia wakati wa baridi. Ni kiungo cha kurekebisha joto la mwili.

Twiga yuko mpakani. Vipembe vyake si pembe kama za ng'ombe, kwa kuwa havina ganda la keratini. Vimefunikwa kwa ngozi na nywele. Ndama huzaliwa navyo vikiwa gegedu na vimelala kichwani bila kuungana na fuvu. Baadaye hugeuka mfupa na kushikamana nalo. Madume hupigana kwa kurushiana vichwa, na kwa hiyo ncha za vipembe vyao aghalabu huwa hazina nywele, ilhali majike huwa na vishungi vya nywele nchani. Katika mnyama huyu mmoja, basi, kuna kipembe cha mfupa na shungi la nywele juu yake, na lugha inayoviita vyote jina moja haiwezi kumweleza.

7.0 Mfupa Wenye Sauti

Mfano wa mbali zaidi unatoka Alberta, nchini Kanada. Mwaka 1922 William Parks alieleza dinosaria aliyemwita Parasaurolophus, mla mimea aliyeishi zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Kutoka puani mwake ulitoka mfupa mrefu uliopinda kwenda nyuma ya kichwa, na ambao kwa baadhi yao ulifikia urefu wa takriban mita moja. Ndani yake mlikuwa na mirija ya hewa iliyopanda kutoka puani hadi nchani, ikageuka na kurudi chini kuelekea kooni.

Wataalamu wa awali walitoa nadharia kadhaa. Wako waliodhani kwamba ulikuwa bomba la kupumulia chini ya maji, lakini nchani hapakuwa na tundu. Wako waliodhani kwamba ulikuwa ghala la hewa, lakini ujazo wake ni mdogo mno kwa mnyama mkubwa kiasi hicho. Mwaka 1981 David Weishampel alionyesha, kwa kufuata kanuni za sauti, kwamba mirija hiyo ingeweza kukuza mlio mzito wa masafa ya chini. Mwaka 1997 wanasayansi wa New Mexico, Marekani, walitumia kompyuta na picha za eksirei za fuvu lililopatikana huko ili kuunda upya mlio unaokadiriwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kuelewa jambo hili. Siwa za Lamu na Pate zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: hewa inayotikisika katika mrija mrefu hutoa sauti nzito inayosikika mbali, na kadiri mrija unavyorefuka ndivyo sauti inavyozidi kuwa nzito. Ni sitiari inayofaa darasani. Hata hivyo, sitiari si istilahi. Kuuita mfupa huo siwa kungekuwa kurudia kosa la Mvunja Kokwa, yaani kuingiza kazi ndani ya jina. Inatosha kuuita chapeo ya uvungu, kisha kueleza kwamba inafikiriwa kuwa ilivuma kama siwa.

Ushahidi wa mwisho unatoka eneo hilohilo la Alberta. Dinosaria aitwaye Edmontosaurus alijulikana kwa muda mrefu kama asiye na kitu kichwani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mabaki yaliyohifadhi ngozi yake yalionyesha kiungo laini cha nyama utosini, kisicho na mfupa hata kidogo. Kwa istilahi za makala haya, alikuwa na undu. Kile kilichoelezwa hapo awali kuhusu jogoo kuwa ni dhana tu kilikuwa kimetokea kweli: mifupa ilikuwa imenyamaza kuhusu nyama.

8.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mgawanyo ufuatao unapendekezwa:

(i) Undu: kiungo cha nyama na ngozi, kisicho na mfupa ndani. Mfano ni jogoo na Edmontosaurus.
(ii) Shungi: manyoya au nywele zilizosimama. Mfano ni kororo.
(iii) Kigongo: ukingo wa mfupa wa fuvu unaoshikia msuli. Kuna kigongo cha utosi na kigongo cha kisogo. Mfano ni gorila, fisi na Paranthropus.
(iv) Chapeo: mfupa uliochomoza juu ya kichwa, unaoonekana kwa nje, usio na kazi ya kushikia misuli ya taya. Mfano ni kanga, hondohondo na kasuari. Wenye mirija ndani uitwe chapeo ya uvungu.
(v) Kipembe: mfupa ulioanza kama gegedu na kufunikwa kwa ngozi, kama wa twiga. Neno pembe libaki kwa kiini cha mfupa chenye ganda la keratini, kama cha ng'ombe na swala.

Yapo pingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. Kwanza, inaweza kusemwa kwamba kigongo pia ni fimbo nene, na kwamba mkuku ungekuwa sahihi zaidi kwa umbo. Ni kweli kwamba mkuku unafanana mno na mfupa huu. Lakini ni neno la mafundi wa vyombo vya baharini, na mwanafunzi wa bara hukutana nalo kwa nadra. Kigongo kinaeleweka pote kwa uhusiano wake na mgongo wa mnyama na wa kilima, na muktadha wa fuvu huondoa utata wa fimbo. Pili, inaweza kusemwa kwamba upanga na kilemba ni maneno yaliyo hai zaidi kuliko undu. Lakini maneno hayo mawili yana maana nyingine nzito, ilhali undu halishindani na maana nyingi kiasi hicho. Istilahi bora ni ile inayobeba dhana moja.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfupa wa kichwani huweza kushikia msuli, kutumika vitani, kutoa ishara kwa majike, kurekebisha joto au kukuza sauti, na kwamba kiungo kimoja huweza kufanya zaidi ya kazi moja. Kazi hizo hubainika kwa kuuliza maswali matatu: kiungo ni cha tishu gani, kinashikamana na nini, na kinatofautianaje kati ya mtoto na mzima, dume na jike.

Kwa upande wa lugha, imebainika kwamba tatizo la Kiswahili katika uwanja huu si uhaba wa maneno. Undu, shungi, kigongo, chapeo na kipembe ni maneno yaliyokuwapo. Lililokosekana ni mpangilio wa kuyatumia. Keratini na tishu yametoholewa, na hilo halina ubaya wowote. Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi wa Kiswahili kukaa pamoja na wenzao wa zuolojia, wakiwa na fuvu mezani, na kuijaribu orodha hii kwa wanyama ambao hawakutajwa hapa, wakiwemo vinyonga, ngiri na vifaru. Pale neno litakaposhindwa kumweleza mnyama aliye mbele yao, lirekebishwe neno.